ULIMI UNAJUAJE LADHA?



Masika moja mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati. Mtoto alikuwa anaharisha tangu jana yake. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikwisha kuanza kumpa mtoto maji ya sukari na chumvi nyumbani, kama tunavyofundisha, na alikuja na mengine kwenye chupa. Nilimwuliza, "Mama, uliyaonja kabla ya kumpa?" Akajibu, "Niliyaonja, mwanangu. Chumvi yake ni kidogo tu." Nikayaonja mimi. Chumvi ilikuwa nyingi mno.

Nilitaka kumgombeza. Kwa bahati nzuri nilimwuliza kwanza alikuwa anakula nini wakati ule. Akasema alikuwa anakula muhogo na ng'onda. Hapo nikaelewa. Mama hakusema uongo. Ulimi wake ndio uliomdanganya.

Mtoto alipewa maji yaliyochanganywa sawasawa, akapona. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza watu jambo hili kila ninapopata nafasi: ulimi hufanyaje kazi, hujua nini, na hushindwa kujua nini. Leo nawaelezeni ninyi.

ULIMI UNA NINI?

Chukua kioo, toa ulimi, utazame penye mwanga. Utaona vipele vidogo vingi. Vipele hivi si ugonjwa. Kila mtu anavyo. Watu wengi hudhani kipele ndicho kinachoonja, lakini sivyo. Ndani ya baadhi ya vipele hivyo mna vitu vidogo zaidi, ambavyo jicho haliwezi kuviona bila hadubini. Umbo lake ni kama tumba la ua ambalo halijachanua. Tuviite vitumba vya ladha. Mtu mzima ana vitumba elfu kadhaa. Vingi viko ulimini, na vingine viko juu kinywani upande wa nyuma, na kooni.

Kila kitumba kimejaa chembe hai, baina ya 50 na 100, zilizosimama pamoja kama matawi ya kitunguu. Juu ya kitumba pana kitundu kidogo. Vichwa vya chembe hizo vimechungulia kwenye kitundu hicho. Hapo ndipo chakula na ulimi hukutana.

Lakini chakula kikavu hakiingii kwenye kitundu hicho. Lazima kwanza kiyeyuke katika mate. Jaribu mwenyewe. Futa ulimi kwa kitambaa safi mpaka ukauke. Kisha weka punje chache za sukari juu yake. Kwa muda mfupi hutasikia kitu, ni kama umeweka mchanga. Mate yakifika, utamu unakuja. Ndiyo maana mgonjwa wa homa ambaye kinywa kimemkauka husema chakula hakina ladha. Mpe maji kwanza, asukutue, ndipo umpe uji.

KUFULI NA UFUNGUO

Sasa tuseme sukari imeyeyuka na imefika kwenye kitundu. Chembe inajuaje kwamba hii ni sukari, si shubiri?

Fikiria kufuli na ufunguo. Juu ya kichwa cha chembe pana vitu vidogo sana ambavyo ni kama makufuli. Chembe ya utamu ina kufuli la utamu. Sukari ni ufunguo wake. Ikigusa, kufuli linafunguka. Shubiri haiwezi kulifungua, maana si ufunguo wake. Chembe ya uchungu nayo ina makufuli yake, na si ya aina moja. Binadamu ana aina kama 25 za makufuli ya uchungu, lakini utamu una aina moja tu. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani, akina Charles Zuker na Nicholas Ryba, walieleza kundi hili la makufuli ya uchungu.

Kwa nini uchungu una makufuli mengi hivyo? Kwa sababu mimea yenye sumu ni mingi, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Aliyeweza kuitambua sumu mdomoni aliitema, akaishi. Sukari kazi yake ni kutujulisha kwamba chakula kina nguvu. Hilo halihitaji makufuli mengi.

Wanyama hawako sawa na sisi. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba kufuli la utamu la paka ni bovu. Paka hajui utamu wa sukari hata kidogo. Paka anayelilia chai yako anataka maziwa.

Chumvi na uchachu hupita njia nyingine. Hapo hapana kufuli, pana mlango. Chumvi ikiyeyuka, sehemu yake iitwayo sodiamu huingia ndani ya chembe moja kwa moja kwa kupita kwenye mlango mwembamba sana. Ukinywa maji ya limau au ukila embe bichi, asidi nayo huingia kwa mlango wake. Mlango huo wa uchachu ulijulikana mwaka 2018 tu, kwa hiyo hata wataalamu bado wanajifunza.

HABARI INAFIKAJE KICHWANI?

Kufuli likifunguka, au mlango ukiingiwa, ndani ya chembe kunatokea mshtuko mdogo, kama umeme mdogo sana. Chembe ikishtuka hivyo humwaga kemikali upande wake wa chini. Pale chini umesubiri mshipa wa fahamu. Mshipa huu hauonji. Kazi yake ni kama ya mjumbe anayepokea habari nyumba moja na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Unaipokea ile kemikali, na wenyewe unapeleka habari mbele.

Mishipa hii iko ya namna tatu. Mmoja hutoka mbele ya ulimi, mmoja nyuma ya ulimi, na mmoja kooni. Kila upande wa kichwa una mitatu yake. Yote hupeleka habari sehemu ya chini ya ubongo, juu ya shingo. Kutoka hapo habari hupanda mpaka kwenye ubongo wenyewe, na hapo ndipo mtu husema, "Hii ni tamu." Safari yote hiyo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili tatu.

Kwa hiyo ulimi wenyewe haujui ladha. Ulimi unapokea habari na kuituma. Anayejua ni ubongo.

Chembe hizi hazikai sana. Nyingi hufa baada ya siku kama 10, na mpya huzaliwa mahali pake. Aliyeunguza ulimi kwa chai ya moto asiwe na wasiwasi. Ladha itarudi.

TAMU, KALI NA UKAKASI

Lugha yetu ina mambo hapa. Tunasema sukari ni tamu. Tunasema pia mchuzi wa changu ni mtamu, wala hauna sukari. Na maji ya kisima yasiyo na chumvi tunayaita maji matamu. Neno ni moja, lakini kwa ulimi ni vitu mbalimbali.

Utamu wa mchuzi wa samaki, wa supu ya pweza, na wa dagaa waliokaushwa, una kufuli lake peke yake. Mwaka 1908 mtaalamu wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliutoa utamu huo katika supu ya mwani wa kwao, akaona kwamba si tamu ya sukari, si chumvi, si uchachu, wala uchungu. Mwani wake si aina hii inayolimwa kwenye kamba pwani kwetu. Lakini kitu alichokipata kimo katika samaki wetu pia. Ulimi hukitumia kujua kwamba chakula kina protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Basi ladha ni tano: utamu wa sukari, chumvi, uchachu, uchungu, na utamu wa mchuzi.

Pilipili haimo. Wengi hubishana nami hapa. Wanasema, "Daktari, pilipili ni kali, nami naisikia ulimini!" Ni kweli unaisikia, lakini huionji. Pilipili hugusa mishipa ya fahamu inayosikia moto na maumivu. Kwa hiyo ubongo hudhani umeungua. Ndiyo maana pilipili ikiingia jichoni inachoma, ingawa jicho halina vitumba vya ladha. Mwaka 2021 David Julius wa Marekani alipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake, na kazi yake ilitokana na kuchunguza pilipili.

Ukakasi wa bibo nao si ladha hasa. Maji ya bibo hukamata utelezi wa mate, kinywa kinakuwa kikavu na kizito. Huko ni kugusa.

Jambo jingine. Vitabu vingi vya shule vilikuwa na picha ya ulimi uliogawanywa kama mashamba: ncha ni ya utamu, pembeni ni chachu, nyuma ni uchungu. Picha hiyo si sahihi. Weka sukari pembeni mwa ulimi wako, utaona kwamba inasikika. Kila sehemu yenye vitumba hujua ladha zote, ingawa pengine sehemu moja ina nguvu kidogo kuliko nyingine.

PUA

Mtu mwenye mafua husema, "Chakula hakina ladha." Ulimi wake ni mzima. Kilichoziba ni pua. Unapotafuna, harufu ya chakula hupanda kutoka nyuma ya kinywa mpaka puani, na ubongo huchanganya harufu hiyo na ladha. Fumba macho, bana pua, umwombe mwenzako akupe kipande cha papai kisha cha embe lililoiva. Utajua kwamba ni vitamu, lakini itakuwa vigumu kusema kipi ni kipi. Achia pua, utajua mara moja. Katika ugonjwa wa korona, ulioenea duniani mwaka 2020, watu wengi walipoteza harufu na ladha ghafla, na wengine hawakuwa na mafua yoyote.

KWA NINI MAMA ALIDANGANYIKA?

Sasa turudi kwa mama wa ng'onda.

Chembe za ladha huchoka, au tuseme huzoea. Mtu akikaa na chumvi mdomoni kwa muda, chembe za chumvi hupunguza kutuma habari. Mama alikuwa na chumvi ya ng'onda mdomoni. Alipoonja maji ya mtoto, ulimi ulilinganisha na ng'onda, ukasema, "Hii si kitu."

Hilo lingeweza kuua. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Tunampa maji yenye chumvi kidogo na sukari kidogo, kwa sababu tumboni sukari husaidia chumvi kuingia mwilini, na maji hufuata nyuma yake. Lakini chumvi ikizidi, maji hutolewa kwenye chembe za mwili badala ya kuingia. Kiu inazidi, na mtoto anaweza kushikwa na degedege. Sukari nayo ikizidi huongeza kuharisha.

Dawa bora ni pakiti za ORS zinazotolewa zahanati. Changanya pakiti nzima na kiasi kile cha maji kilichoandikwa juu yake, si pungufu, si zaidi. Pamoja nazo mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Vidonge hivyo asiviache njiani hata kama kuharisha kumekoma.

Kama pakiti haipo na zahanati iko mbali, au bahari imechafuka na dau haliwezi kuvuka kutoka Jibondo au Juani, tengeneza hivi. Chemsha maji safi, yaache yapoe. Pima lita moja. Tia sukari vijiko vidogo 6 vya chai, vya kufuta, na chumvi nusu kijiko kidogo, ya kufuta. Koroga mpaka yote iyeyuke. Kufuta ni kupitisha kisu juu ya kijiko, pasibaki kilima.

Kisha sukutua kinywa chako kwa maji matupu. Ngoja kidogo. Ndipo uonje. Maji hayo yasizidi machozi kwa chumvi. Kila mtu anajua chumvi ya machozi yake. Yakizidi, yamwage, anza upya. Wengine huona uchungu kumwaga sukari, maana sukari ni fedha. Mimi nasema mwaga.

Jambo moja linatuhusu sisi wa visiwani. Baadhi ya visima vyetu vina maji ya chumvichumvi. Aliyezaliwa hapo ameyazoea, haisikii tena chumvi yake. Ukitia nusu kijiko katika maji ya namna hiyo, umezidisha. Tafuta maji matamu, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, uyachemshe. Ukiwa na shaka, mwombe mgeni aonje.

Habari nzuri ni kwamba kuzoea kunarudi nyuma pia. Mgonjwa wa shinikizo la damu anapoambiwa apunguze chumvi huona chakula ni kama majani kwa wiki za kwanza. Avumilie. Baada ya wiki kadhaa ulimi huzoea chumvi kidogo, na mchuzi wa zamani atauona umezidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda na papa mkavu.

UCHUNGU NI ONYO

Muhogo mchungu una kitu ambacho hugeuka kuwa sumu ya sianidi. Ulimi huujua uchungu huo. Wazee wetu waliufuata uchungu huo, wakatengeneza njia: kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga. Njia hiyo huondoa sumu nyingi. Shida huja wakati wa njaa, watu wanapofupisha kazi. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu walipatwa na ugonjwa wa konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi. Walikuwa wamekula muhogo mchungu kwa wiki nyingi bila kuutengeneza vya kutosha, na chakula cha kujenga mwili kilikuwa haba. Sisi tuna samaki, na samaki husaidia mwili kuondoa sumu hiyo. Hata hivyo usifupishe kazi ya muhogo.

Wala usitegemee ulimi wa mtu mmoja. Watu hawasikii uchungu sawasawa. Mwaka 1931 mtaalamu wa Marekani, Arthur Fox, alirusha unga wa kemikali fulani hewani kwa bahati mbaya. Mwenzake alilalamika kwamba ni mchungu mno, naye mwenyewe hakusikia kitu. Ikajulikana kwamba tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo, hurithi kwa wazazi. Kwa hiyo baba akisema muhogo huu hauna neno, na mama akisema ni mchungu, msikilizeni mama.

Dawa nyingi ni chungu kwa sababu hiyo hiyo, zinafungua makufuli ya uchungu. Waliokuwa watoto zamani za klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, wanaukumbuka uchungu wake mpaka leo. Watoto huona uchungu vibaya kuliko watu wazima. Kutema kwake si utundu. Lakini akitema dawa mara baada ya kupewa, inabidi urudie, la sivyo hatapona. Tangu mwaka 2009 ipo dawa ya mseto ya watoto inayoyeyuka katika maji na iliyotiwa utamu. Inasaidia sana, ila sasa mtoto anaweza kudhani ni peremende. Iweke juu asipofika.

ULIMI USIPOJUA

Sasa nasema jambo ambalo limenifanya niandike makala hii ndefu kuliko nilivyokusudia.

Ulimi ni mlinzi mzuri wa sumu za mimea. Kwa sumu nyingine ni kipofu, maana hauna kufuli lake. Sumu ya bunju haina ladha. Iko hasa katika ini, mayai na ngozi, na kupika hakuiondoi. Mlaji husikia kwanza ganzi midomoni na ulimini. Kisha viungo hulegea, na pumzi inaweza kukatika.

Nyama ya kasa ni hivyo hivyo. Mzee mmoja aliniambia, "Nyama ikiwa na sumu ulimi utakwambia." Namheshimu, lakini hapo alikosea. Nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu na wakati mwingine haina, na mlaji hawezi kutofautisha kwa kuonja. Haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Dawa ya kuiua haipo. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Mwaka 2021 pia watu 7 walikufa Pemba kwa sababu hiyo. Bahari yao ndiyo bahari yetu. Kasa hutaga hapa Juani, na kumvua ni kosa kisheria. Lakini mimi si askari. Nazungumzia jiko lako.

Kama nyama hiyo imekwisha kuliwa nyumbani, msisubiri mtu aumwe. Wapelekeni wote walioila zahanati au hospitali ya wilaya Kilindoni, hata wale wanaojiona wazima, maana dalili zinaweza kuchelewa. Waanzeni watoto. Na mama anayenyonyesha aliyekula nyama hiyo amwambie mganga mara tu anapofika, kwa sababu watoto wachanga wamewahi kupata sumu ya kasa kwa maziwa ya mama, hali mama mwenyewe haumwi sana.